Wewe kwenye Kipanya, Mimi kwenye Kibodi

Rumonge, Alhamisi mchana

Yaya Furaha, dada yangu wa kazini,

Mlango nimeufunga, patroni, mwenye duka letu la kupiga chapa, amekwenda kula na kuswali, umeme upo, na mashine nimeizima. Ungekuwa hai ungenishika paji la uso kuona kama nina homa. Saa sita mchana, umeme upo, na mimi nimekaa na kalamu nyuma ya karatasi zilizoharibika, naandika kwa mkono, mimi ninayelipwa kupiga chapa. Lakini haya siwezi kuyapiga. Vidole vyangu kwenye kibodi vinakwenda haraka kuliko ninavyotaka.

Mama yako anaondoka Jumamosi. Mjomba wako amevuka kutoka Baraka kuja kumchukua, anasema kwao kumetulia kidogo. Sijui. Unakumbuka tulivyosema wenyewe, kwamba utulivu wa ng'ambo hizi mbili za ziwa ni wa kupokezana tu. Tangu tulipokuzika Gatete ni mwaka na nusu, na kila nikienda kumsalimu mama yako na kipande changu cha sabuni ananiuliza swali lile lile: "Nani alimwambia barabara iko wazi? Mutoto wangu alikuwa muoga. Hakuwa mutu wa kwenda hivi hivi." Mimi hunyamaza. Kwa kuwa nanyamaza, amejijibu mwenyewe. Amesema ni patroni, kwamba patroni alikutuma wewe ukalete kifaa cha mashine. Siku hizi akifika hapa mbele anavuka upande wa pili ili asimsalimu, na patroni, unavyomjua, anasema tu, "Amefiwa. Mwacheni aseme."

Wewe unajua ni nani aliyekuambia. Nina siku mbili za kumwambia mama yako, na sina ujasiri, kwa hiyo naanza na wewe ambaye huwezi kunikatiza. Ukiwa hai nisingefika hata hapa bila kukatizwa mara tatu.

Lakini kwanza nikuambie habari ya mchezo, maana hakuna mwingine duniani wa kumwambia.

Imekuja sede mpya ya mchezo wa kompyuta. Yule mfanyabiashara wa Uvira, wa betri na saa za mkono, aliileta imefungwa ndani ya soksi. Ni ya aina yetu, ya kujenga na kupigana, ila hii unaweza kuizungusha nchi nzima ukaona nyumba kwa nyuma, ukaona hata kivuli cha mti kikihama. Miti inaanguka upande unaoikata. Maji yana mawimbi. Nimeicheza mara tatu peke yangu, mkono mmoja kwenye kipanya kipya na mwingine kwenye kibodi, na ni nzuri, yaya. Ni nzuri kiasi cha kunikasirisha. Nilipouona mto wake kwa mara ya kwanza niligeuka kukuonyesha, nikakuta kiti kina rundo la faili.

Nilijaribu kumfundisha yule dada mpya anayepiga chapa asubuhi. Nikamweka kwenye kibodi, nikashika kipanya mwenyewe. Baada ya robo saa akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa hapa tunashinda nini?" Nikamwambia aende akale.

Wewe ungemjibu. Ulikuwa na majibu ya kila kitu kuhusu michezo hii, na ulikuwa na hukumu zako, kali kuliko za mahakama ya hapa. Ulisema wanaume wa mbele ya duka, na dame yao ya vizibo vya chupa, wanacheza mchezo wa watu wenye muda: unasogeza kizibo, unakuna ndevu, unamngoja mwenzako, mwenzako anaagiza chai. Igisoro nao, bao la hapa kwetu, unapanda kete zako na unasubiri. Mchezo wetu haukumngoja mtu. Wakati unafikiri, adui analima. Wakati unapiga chafya, adui amemaliza ngome. Wote wawili mnasogea kwa saa ile ile, na anayekaa kutafakari anakuta moshi nyumbani kwake. Ulisema ndiyo maana unaupenda, maana ndio mchezo pekee unaofanana na maisha ya huku kwetu, isipokuwa kwamba huu una mahali pa kuanza upya.

Tulikuwa na sede tatu, unakumbuka. Ya vifaru kwenye jangwa tuliiacha wiki ya pili. Si kwamba ilikuwa mbaya. Siku moja milio ya bunduki ilisikika kweli upande wa milimani, tukashindwa kujua ipi ni ya ndani ya mashine na ipi ya nje, ukanyoosha mkono ukaitoa na hukuirudisha tena. Ya viumbe wa angani uliipenda kwa sababu kila kabila lake lilipigana kwa njia yake, hakuna aliyefanana na mwenzake, ukasema mchezo wenye haki ni ule ambao pande zote ni tofauti na bado zinatoshana. Mimi niliogopa wale wadudu wake. Wewe uliyekuwa ukipiga kelele kwa chura ulikaa pale ukiwazalisha kwa mamia.

Lakini mchezo wetu hasa ulikuwa ule wa falme za zamani, wa wakulima na wakata miti. Huo ndio ulisema unastahili kuchezwa hadi mtu azeeke. Ulisema mchezo mzuri ni ule ambao ukishindwa unajua kosa lako lilikuwa wapi. Katika ule tulijua daima. Tulichelewa kulima, au tulijenga askari kabla ya chakula, au mimi nilipoteza mawe yote kwenye kuta. Wewe hukupenda kuta kabisa. "Ukuta ni woga wa mawe," ulinitania, na mimi nikakujibu kwamba mwoga ni anayekimbia chura.

Na jinsi tulivyocheza. Kiti kimoja na benchi moja, wewe kwenye kipanya, mimi kwenye kibodi, kwa kuwa mimi napiga bila kutazama. Ukisema "mbili," nilibonyeza mbili na wapanda farasi wote wakasimama tayari, ukawapeleka. Ukisema "nne," wapiga mishale. Baadaye hukusema kitu. Nilisikia tu pumzi yako ikibadilika na kidole changu kilikuwa kimeshafika. Kabla ya kuanza uliinamisha kichwa ukaomba, kila siku, na mimi Mwislamu nikaitikia amina ili tuanze haraka. Wanajeshi uliwapa majina ya wanakwaya wenu wa Gatete. Siku aliyokufa yule wa sauti ya pili ulikataa kuendelea, ukala parachichi na mkate kimya hadi saa nane. Jumapili yake ulimkumbatia mwanakwaya mwenyewe kanisani akashangaa kwa nini.

Siku hizi saa sita hadi saa nane ni ndefu sana. Nina upweke, yaya. Nasema hivyo hivyo maana sina namna nyingine ya kuusema. Nyumbani nina watu, kazini nina watu, na hakuna hata mmoja wa kumwambia "nne."

Haya. Nimezunguka vya kutosha.

Katika mchezo wetu nchi huanza ikiwa nyeusi yote, na unampeleka mpanda farasi mmoja mbele aifunue. Wewe ndiye uliyenifundisha kumtazama huyo. Mara ya kwanza alirudi upesi nikafurahi, nikasema njia ni nyeupe, tupeleke jeshi. Ukanizuia mkono. Ulisema, "Tazama, Zuhura, amerudi mapema. Huyu hakufika." Na kweli, alikuta ukuta akageuka. Tangu siku hiyo ilikuwa sheria yetu: kabla ya kufurahia mpelelezi aliyerudi, angalia amechukua muda gani.

Kipanya kilikufa Ijumaa. Mpira wake ulikuwa umeisha, halafu waya nao ukakatika. Patroni alisema tungoje juma lijalo, atakwenda Bujumbura mwenyewe. Kazi ingeendelea bila kipanya. Mimi barua zote naziandika na kuzichapisha kwa kibodi peke yake, sikihitaji, na patroni alilijua hilo. Kipanya kilihitajika kwa mchezo tu. Tulikuwa tumeacha ngome ya adui imebaki na lango moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika, Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu. Mimi ndiye niliyesema juma lijalo ni mbali. Ukasema, "Basi, nitakwenda Jumanne, nitamsalimu na dada yangu wa Buyenzi, huko huko mjini, ilimradi tu tuone kwanza barabara."

Hapa kwetu kila mtu anajua barabara inavyoonwa. Asubuhi askari wakifungua njia, gari la kwanza kuondoka ni la ndagala, maana samaki hawangoji. Linafika mjini, linashusha, na saa tano limerudi hapa na vikapu vitupu. Likirudi, njia ni nzima. Watu wote wa mji huu wanaishi kwa gari hilo.

Jumanne ile kulikuwa na manyunyu. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, naandika ombi la mtu la cheti cha kuzaliwa. Nikaliona gari la ndagala likipita dirishani, lile la mlango wa bluu, limefunikwa turubai kwa sababu ya mvua. Nikakuita. Nikasema, "Limesharudi, yaya. Barabara iko wazi, nenda." Ilikuwa haijafika saa tatu. Sikutazama saa. Sikutoka mlangoni, maana sikutaka kulowesha kitenge changu kipya. Ningetoka tu, hatua tano, ningesikia harufu. Samaki wote walikuwa bado ndani.

Na wewe, uliyekuwa na sheria, siku hiyo uliniamini mimi. Ulivaa viatu, ukaacha malapa chini ya meza, ukaacha sweta kwenye kiti, ukasema nikulindie kiti. Ukapata taksi iliyokuwa na nafasi moja.

Saa nne dereva wa ndagala aliingia hapa kufanyiwa fotokopi ya karatasi zake. Alikuwa amelowa. Harufu ya samaki iliingia kabla yake. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Leo tumerudishwa njiani, mbele kuko vibaya." Nikachukua karatasi zake nikazitoa nakala. Nikampa. Akashukuru kwa murakoze. Mikono yangu ilifanya kazi yote hiyo, yaya, na mimi sikuwemo.

Gari lenu lilivamiwa kabla ya nusu ya njia.

Sijamwambia mtu. Wakiniuliza habari za barabara siku hizi nawaambia nendeni mkamwulize dereva mwenyewe, mimi sijui kitu. Wananiona nimekuwa na kiburi.

Patroni amerudi, nasikia funguo. Nitamaliza nikishamwambia mama yako. Nisipomwambia, basi karatasi hii nitaichoma na sitakuandikia tena, kwa kuwa sitakuwa na uso.


Jumamosi, alasiri

Nimemwambia.

Mama yako alikuja mwenyewe jana saa sita, alinitangulia. Alikuja kuchukua vitu vyako, malapa na sweta, ambavyo sikuwahi kuvipeleka. Patroni alikuwa ametoka. Nikaondoa faili, akakaa kwenye kiti chako bila kujua ni chako, akatazama mashine, akasema, "Nionyeshe kazi alikuwa anafanya hapa."

Ningeweza kumwonyesha barua. Mafaili yako yote yapo, maombi, hati za viwanja, mialiko ya harusi uliyoipamba maua. Mkono wangu ulikuwa unayaelekea. Nikaona kwamba nikimwonyesha barua nitakuwa nimeshamaliza kusema uongo wangu wa mwisho, na kesho yake atavuka nao ziwa. Nikafungua mchezo.

Nilimwanzishia nchi mpya, bado ya amani, wakulima watatu na mti. Akasogeza kiti. Nikamwambia hawa Furaha aliwaita majina ya kwaya, huyu ndiye mwalimu wa nyimbo, anachelewa kila mahali. Mama yako akacheka, yaya. Akacheka akifunika mdomo na upande wa kitenge, unavyomjua. Akawatazama wakilima, akauliza, "Hawakule?" Nikasema hapana mama, wanalima tu. Akasema, "Masikini." Mimi nilikuwa natafuta neno la kuanzia, nikasahau kujenga hata askari mmoja, na mchezo, unajua, haukungoja. Wekundu, adui wetu, wakaja wakachoma mashamba. Nyumba zikawaka. Mama yako alikimbia vita Fizi akiwa na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja mkononi, yeye anajua nyumba inavyowaka. Akasema, "Basi. Funga." Nikafunga. Kioo kikawa cheusi, na tukajiona ndani yake, mimi na yeye.

Akasema polepole, "Na hii ndiyo alifuata Bujumbura?"

Nikasema ndiyo, mama. Patroni alituambia tungoje. Ni mimi sikutaka kungoja. Nikamwambia yote, gari, turubai, manyunyu, kitenge, saa. Nilimwambia nikiwa nimekaa kwenye benchi, sikupiga magoti, kwa kuwa niliogopa akinihurumia nitaacha nusu. Hakunihurumia. Hakulia pia. Aligeuza kichwa akautazama mlango, akaupima kwa macho kutoka pale tulipokaa.

"Mulango iko hapo, Zuhura."

Hakusema lingine. Akainuka, akachukua malapa yako, sweta akaiacha. Sijui kama aliisahau. Nje alikutana na patroni akirudi. Nilimwona kwa dirisha akimshika mikono yote miwili, akiinama na kumweleza, na mzee wa watu akababaika, akawa anajaribu kumwinua. Patroni alipoingia alikaa bila kuvua kofia. Akaniambia, "Mwaka na nusu, Zuhura." Halafu akaniuliza kama wino wa mashine umebaki. Amekuwa akiongea nami hivyo tangu jana, kuhusu wino tu.

Leo asubuhi nilikwenda ufukweni. Nilisimama mbali, nyuma ya madumu ya mawese, nikijua sina nafasi pale. Walikuwa wamepakia botini godoro, sufuria, na cherehani yenu. Patroni alikuwepo, amebeba mfuko wa mama yako kichwani, na viatu mkononi, maji yakimfika magotini. Mama yako alikuwa ameshapanda. Akanitafuta kwa macho hadi akanipata, akaniita kwa kidole.

Niliingia majini na nguo. Akaniambia kwamba kazi ya kaburi lako alikuwa amempa mama mmoja wa kanisani, na jana jioni alikwenda kumnyang'anya. "Utapalilia wewe," akasema. "Kila mwezi. Hata ukiolewa mbali, utakuja. Mimi sitamwomba mutu mwingine." Akanipa jembe lake dogo, lile la bustani, mpini umelainika kwa mkono wake. Nikasema ndiyo, mama. Sikuweza kumsoma usoni kama amenisamehe au ameniadhibu, na nadhani yeye mwenyewe hakuwa amechagua. Mashine ya boti ikawashwa. Hakupunga mkono na mimi sikupunga.

Kwa hiyo nakuja Jumatatu, yaya. Saa sita mchana, saa yetu. Nitafunga mlango wa kazi na kupanda baiskeli hadi Gatete, na nitakuwa nimerudi saa nane. Sijui kulima, unajua mimi ni mtoto wa mjini, nitaanza upande wa miguu ili makosa yangu yasikae karibu na uso wako. Nitakuletea hadithi ya ule mchezo mpya wenye mto. Sitakuomba msamaha kila nikija, maana ungechoka, nawe hukuwa na subira. Nitakuomba mara moja tu, hapa: nisamehe, Furaha. Ningetoka mlangoni.

Kwaheri, yaya wangu. Lala. Majani hayataota juu yako mimi nikiwa hai.

Zuhura